Mjomba Emil na Magwiji wa Enzi Zote

Baba mkwe wangu, Regis Hudak, alisambaza barua katika mji wetu wa Tarrow mpaka nywele zikamwisha kichwani, na hakuna mbwa aliyewahi kumkimbiza. Lakini Kwaresima ile alikuwa akiingia nyumbani kwake mwenyewe kwa mlango wa jikoni, kofia imefunika nyusi, buti mkononi, kama mtu aliyeiba kuku.

"Nani yuko barazani?" aliniuliza kwa kunong'ona.

"Mama Brozek, baba. Amekuja na pai ya tufaha."

Akafikiri kidogo.

"Mwambie nimekufa. Pai ipokee."

Yote hayo yaliletwa na kadi na dadu. Chini ya nyumba yetu kuna chumba cha boila, ule mtambo wa kupasha nyumba joto, na pembeni ya boila kuna meza, na kwenye meza hiyo kila Alhamisi wazee wa parokia hucheza besiboli bila mpira, bila rungu, bila uwanja. Kila mchezaji wa zamani ana kadi yake. Kadi ina namba, na kila namba ina neno lake: kapiga, kakosa, kadakwa. Unazungusha dadu tatu ndani ya kikombe cha kahawa, unazimwaga, unasoma kadi. Basi. Mtu aliyezikwa enzi za babu anamrushia mpira mtu aliyestaafu juzi, na hakuna anayechoka isipokuwa wake zao.

Mimi nilipoolewa hapa nilidhani ni kamari. Nikamuuliza mama mkwe, Mama Bernadine, naye akashusha pumzi.

"Afadhali ingekuwa kamari, mwanangu. Kamari huisha hela zikiisha. Hii haiishi."

Lakini sisemi vibaya. Binti yangu Lusia, tangu azaliwe, hakuna kinachomlaza kama mlio wa dadu kikombeni. Nimemwimbia, nimembeba, nimemtembeza ngazi zote, wapi. Akisikia tu kule chini *kacha-kacha-kacha*, macho yanalegea. Kwa hiyo Alhamisi ndiyo siku yangu ya kupumzika, na baba mkwe anajua. Siku nyingine akimsikia analia huja na kikombe chake mpaka mlangoni kwetu, anakitikisa, anaondoka.

Sasa, mwaka huo parokia yetu ya Mtakatifu Kirili ilikuwa inatimiza miaka mia, na padri akataka liwepo jambo la kuwakutanisha watu. Wazee wakasema: tuchague magwiji wa enzi zote wa timu yetu wenyewe, tucheze kwa dadu na magwiji wa Ng'ambo. Ng'ambo ni mji wa pili ukivuka mto. Sisi tulikuwa na kiwanda cha chupa, wao cha matofali. Timu yetu iliitwa Wapuliza Chupa, yao Wachoma Matofali. Viwanda vyote viwili vimekufa na timu zimekufa navyo, ila chuki iko hai na afya njema.

Shida ni kwamba watengenezaji wa zile kadi hawajawahi kuisikia Tarrow. Ilibidi mtu akae maktaba asome magazeti ya zamani, mechi kwa mechi, atengeneze kadi za watu wetu kwa mkono wake. Halafu achague nani anaingia na nani anabaki nje. Majina yatakayoingia yataandikwa kwa rangi kwenye ubao na kutundikwa ukumbini milele. Wote wakamtazama Regis Hudak, maana hakuna asiyejua kwamba aliwahi kupoteza kombe la parokia kwa kujishtaki mwenyewe kuwa alisoma mstari usio wake. Msemo wake ni mmoja: kadi ikidanganya, dadu zinakuwa kelele tu.

Akakubali. Kutoka siku hiyo baraza letu likawa kama la chifu.

Mwenye bucha alileta soseji nyororo, za moshi, akaomba babake afikiriwe nafasi ya mdakaji. Kaleta Ijumaa, tena Ijumaa ya Kwaresima. Mama Bernadine akamrudishia mlangoni.

"Rushwa ni dhambi moja, nyama Ijumaa ni ya pili. Rudi kesho uwe na dhambi moja tu."

Kesho yake alirudi.

Mama Brozek yeye hakuwa na haja ya kuhonga. Marehemu mumewe, Wally Brozek, ndiye aliyekuwa mpigaji mkubwa kuliko wote waliowahi kuvaa jezi ya Tarrow, na watu wanasema mpira wake mmoja ulivuka uzio ukatua kwenye behewa la makaa ya mawe, ukasafiri mpaka jimbo la Ohio. Nafasi yake ilikuwa salama. Alichotaka mjane ni kadi iseme kwamba Wally alikuwa na mbio.

"Filomena," baba mkwe alimwambia siku aliponaswa hatimaye, "nampenda Wally, Mungu amrehemu, lakini alikuwa akikimbia kama mtu aliyebeba jokofu."

"Alinikimbilia mimi, na alinipata!"

"Ulikuwa umesimama, Filomena."

Mtu mmoja tu hakuleta kitu. Huyo ni Emil Sabol, mdogo wake Mama Bernadine, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta. Mjomba Emil alicheza kituo cha pili alipokuwa kijana, yaani alilinda kona ya pili ya uwanja, na mji mzima unamkumbuka kwa jambo moja. Fainali na Ng'ambo, tumebakiza kumtoa mtu wao mmoja tu tushinde, mpira ukapigwa juu, juu kabisa, ukashuka taratibu kwenda kwa Emil kama baraka. Akaudaka. Halafu akauangusha. Ng'ambo wakachukua kombe. Tangu siku hiyo, hapa Tarrow, ukimpa Emil kitu chochote, mkate, funguo, mtoto, lazima mtu apige kelele, "Emil, shika!" Hata watoto wa shule ambao wazazi wao hawakuwa wamezaliwa wakati huo. Hata padri mgeni alifundishwa.

Yeye hucheka. Nimekaa naye meza moja kila Jumapili tangu niolewe, na nimeona kwamba hucheka kwanza, kabla ya wengine, kama mtu anayefungua mlango kabla haujavunjwa.

Alikuwa akija kila asubuhi, anasimama jikoni na theluji yake miguuni.

"Habari za asubuhi, shemeji. Kituo cha pili umempa nani?"

"Bado natafakari, shemeji."

"Tafakari. Mimi sina haraka. Nilikuwa napita tu."

Alikuwa anapita kutoka mlango wake kuja wetu.

Siku moja nilikaa naye barazani, nimempa Lusia ambebe. Alimshika kwa mikono yote miwili na kidevu. Akaniambia bila kunitazama, "Mama Lusia, unajua nikifa padri atasema nini? Atasimama pale mbele, atakohoa, halafu atasema tumekusanyika kumuaga huyu aliyeangusha mpira. Na watu watacheka, maana ni kweli inachekesha. Mimi mwenyewe ningecheka." Akamrekebisha mtoto kofia. "Lakini ule ubao ukitundikwa na jina langu lipo, basi kutakuwa na kitu cha pili cha kusema. Kimoja tu cha kuongeza kinatosha. Sitaki viwili."

Sikumwambia mtu maneno hayo. Lakini usiku nilipomsikia baba mkwe akitembea huku na huku kule chini, nilijua anatembea na jambo hilohilo kichwani.

Maana hesabu zilikuwa mbaya. Kituo cha pili kulikuwa na Aldo Ferri, marehemu, mtu ambaye mikono yake ilikuwa kama imepakwa gundi. Hata kwenye benchi, waliomzidi Emil kwa kupiga walikuwa wengi. Mezani Jumamosi, baba mkwe alilisema wazi kwa mkewe, uma unazunguka sahani bila kuchoma kitu.

"Bernadine, nimemtafuta Emil katika kila gazeti. Kupiga, hapana. Kukimbia, hapana. Kudaka..."

"Usilitaje."

"Sijalitaja. Nikimweka, nimedanganya. Nisipomweka, nani atakaa kwenye kiti chake hapa mezani kesho?"

Mimi na Mama Bernadine tulikuwa tunaandaa pirogi za kanisa, vile vifuko vya unga vya kuchemsha, za kuuza Ijumaa, yeye anakata kabichi, mimi nakunja unga. Akabandua jani moja kubwa la nje, akalitazama, akacheka peke yake.

"Nini?" nikamuuliza.

"Nimekumbuka tu. Unakumbuka maziwa yalipokujaa, ukalia, nikakuwekea majani ya kabichi kifuani?"

"Nakumbuka, mama. Yalinisaidia."

"Unajua nilijifunzia wapi? Kwa Emil. Kila Jumapili ya mechi anarudi nyumbani kavimba. Mbavu, bega, paja. Mama yetu anamlaza kwenye kochi, anampanga majani kama anafunga samaki. Kabichi yote ya nyumba yetu iliishia mbavuni mwa Emil. Mwaka mzima hatukula supu ya kabichi, baba akalalamika."

Uma wa baba mkwe ukasimama.

"Kavimba kwa nini?"

"Kwa mipira, kwa nini kingine. Warushaji walikuwa wakimpiga. Hakuwa na akili ya kukwepa."

"Kila Jumapili?"

"Nimekwambia hatukula supu."

Baba mkwe aliondoka mezani chakula kikiwa hakijaisha, na kwa miaka yote niliyokaa hapa ilikuwa mara ya kwanza. Akavaa koti akaenda maktaba. Alirudi jioni akiwa na uso mwekundu kwa baridi, na alikuwa anaimba. Alikuwa anatafuta mipira aliyoipiga Emil, kumbe angetafuta mipira iliyompiga Emil.

Niseme kwa asiyejua: besiboli ina huruma moja. Mrushaji akikosea shabaha mpira ukakugonga mwilini, unapewa kituo cha kwanza bure, unatembea tu. Na vituo vyote vikiwa vimejaa watu wako, basi kila mmoja anasogea mbele, na wa mwisho anaingia nyumbani, pale mpigaji anaposimama. Hiyo ni pointi, sawasawa na pointi nyingine yoyote. Wally Brozek anaweza kuipata kwa kupeleka mpira Ohio. Emil Sabol anaweza kuipata kwa ubavu.

Baba mkwe alimwita Emil kule chini siku ya pili yake, baada ya misa. Mimi nilikuwa nafua pale karibu na boila, Lusia mgongoni. Akamkabidhi kadi kwa mikono miwili, kama hati ya shamba.

"Shemeji, umo. Benchi, lakini umo. Kwa haki kabisa."

Mjomba Emil alikaa chini. Akavaa miwani. Akasoma kwa sauti, polepole.

"Amepigwa na mpira. Amekosa. Amekosa. Amepigwa na mpira. Amedakwa. Amepigwa na mpira." Akainua uso. "Regis. Hii ni kadi ya mchezaji au ripoti ya polisi?"

"Hakuna mtu katika historia ya Tarrow aliyepigwa kama wewe!" Baba mkwe alikuwa amekunjua mikono, anang'aa. "Hakuna! Wa pili yako hata hakukaribii!"

"Unanipongeza?"

"Nakupongeza sana!"

"Umekaa na magazeti mwezi mzima, ukaona kitu pekee nilichokiweza ni kushindwa kukwepa?"

"Tazama hapa chini, hii namba moja, umevusha uzio. Ulifanya mara moja, mvua ilikuwa inanyesha. Nimeiweka."

"Mara moja. Na kupigwa kutwa." Mjomba Emil aliiweka kadi mezani, akaisawazisha na ukingo wa meza vizuri kabisa. "Walikuwa wakinicheka kwa mikono. Sasa umewapa mwili mzima."

Akapanda ngazi. Dada yake alimwita jikoni, "Emil! Emil, supu!" Mlango ukafungwa.

Waswahili husema mwenye kovu usidhani kapoa. Sisi wote tulikuwa tumedhani kapoa kwa sababu anacheka.

Asubuhi yake tukaona alilolifanya. Hapa kwetu theluji ikianguka, kila mtu huchimba nafasi ya gari lake mbele ya nyumba yake, kisha huweka kiti cha jikoni pale barabarani. Kiti hicho hakiguswi na mtu. Sheria ya serikali haipo, lakini mtu anaweza kukuibia gari akaacha kiti. Baba mkwe alitoka na kikombe cha kahawa, akakuta kiti chake kimesogezwa kando, kimewekwa juu ya rundo la theluji miguu juu, na pale palipokuwa na kiti pamekaa gari la Emil.

Jirani wa upande wa pili alisimama dirishani na mswaki mdomoni, hausogei.

Baba mkwe hakupiga kelele. Alikichukua kiti, akakifuta theluji kwa mkono wa koti, akakirudisha jikoni. "Amesogeza kiti," alimwambia mkewe kwa sauti ya mtu anayetangaza msiba.

"Mtoe kwenye kikosi basi," Mama Bernadine alisema, naye alikuwa amekasirika, ila nilimwona anapepesa macho. "Mdogo wangu, lakini mtoe. Kiti ni kiti."

"Siwezi. Nikimtoa kwa hasira, itakuwa kweli nilimweka kwa upendeleo. Aliwekwa na mbavu zake mwenyewe, sikumweka mimi. Atabaki."

Juma zima gari lilikaa pale. Baba mkwe aliegesha kanisani akawa anarudi kwa miguu, na kila aliyempita alimpa pole. Jumapili kiti cha Emil mezani kilikuwa kitupu, na mkate ulipozunguka hakuna aliyepiga kelele. Nilitamani mtu apige.

Siku ya mchezo ukumbi wa chini ya kanisa ulijaa mpaka ngazi. Wanawake wa parokia walikuwa jikoni na vitunguu na siagi, wengine waliwasha mishumaa kule juu kwa ajili ya dadu, na padri alijifanya hajaona. Ng'ambo waliongozwa na Clement Yurick, fundi bomba mstaafu mwenye sauti ya bomba. Aliingia na kadi zake ndani ya kisanduku cha sigara, akatazama ubao wetu uliokuwa umefunikwa shuka.

"Mnaficha majina? Hata mimi ningeona aibu."

"Kaa, Clement," baba mkwe alimjibu. "Kiti hicho ni kigumu, lakini hutakaa muda mrefu."

Wakacheza. Wally Brozek alipoingia kupiga, mjane wake alifanya ishara ya msalaba. Dadu zikamwagika, Wally kakosa. Akaingia tena, kakosa. Ndivyo alivyokuwa, watu walisema, au Ohio au hakuna. Mrushaji wa Ng'ambo alikuwa marehemu mmoja mwenye mkono wa moto na macho mabovu. Kadi yake ilijaa mipira ya kupotea inayogonga wapigaji. Mchezo ukaenda bega kwa bega mpaka zamu ya mwisho kabisa. Tuko sawa, pointi moja tu inatosha. Zamu yetu kupiga. Vituo vyote vitatu vimejaa watu wetu, na tumebakiza nafasi moja tu. Anayefuata ni Wally Brozek.

Baba mkwe aliitazama kadi ya Wally. Akaitazama ile ya mrushaji. Akasugua upara.

"Nabadilisha mpigaji," alisema. "Anatoka Brozek. Anaingia Sabol."

Mama Brozek akasimama.

"Regis Hudak! Unamtoa Wally wangu? Umekula pai tatu!"

"Zilikuwa tamu, Filomena. Kaa."

Clement Yurick alikuwa amejiegemeza nyuma, anacheka mpaka kisanduku cha sigara kinatikisika. "Sabol? Yule *shika*? Mleteni, mleteni! Jamani, msimpe Emil kikombe, atakiangusha!"

Hapo ndipo tulipomwona. Alikuwa amesimama nyuma kabisa karibu na birika la kahawa, koti hajavua, kama mtu aliyeingia kuota moto tu. Watu wakampisha njia. Baba mkwe akasukuma kikombe cha dadu hadi ukingo wa meza.

"Kadi ni yako, shemeji. Zungusha mwenyewe."

"Mimi nilikuwa napita tu," mjomba Emil alisema.

"Najua. Zungusha."

Akakichukua kwa mikono miwili. Akatikisa, *kacha-kacha-kacha*, na mgongoni kwangu nikahisi Lusia analegea, kichwa chake kizito begani. Akamwaga. Dadu mbili zikasimama mezani. Ya tatu ikaruka ukingo, ikabingirika sakafuni, ikaingia chini ya kiti cha Mama Bernadine. Tukainama mimi na yeye kwa pamoja tukaiona, na mjomba Emil naye alikuwa ameshapiga magoti. Akahesabu midomo ikicheza. Uso ukamfunguka kama mtoto.

"Uzio!" alisema. "Regis, ile namba! Ile ya mvua! Nimevusha uzio!"

Watu wetu wakalipuka. Clement akasimama. "Imetoka mezani! Imetoka mezani, Hudak, wewe ndiye mwenye sheria!"

Baba mkwe hakumtazama Clement. Alimtazama Emil, aliyekuwa bado magotini na dadu ile kwenye kiganja. Kama angesema tu neno moja, pale pale, gari lingeondoka mbele ya nyumba yetu, kiti kingejaa Jumapili, na ukumbi mzima ungemshangilia.

"Dadu ikitoka mezani inarudiwa," alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo.

Mjomba Emil alinyanyuka taratibu, goti moja, kisha la pili. "Hata Mungu akinipa, shemeji yangu, wewe unanyang'anya."

"Ndiyo."

"Kwa hiyo na ile kadi hukuniandikia kwa kunionea huruma."

"Sikuhurumii hata kidogo. Rudia."

Kitu fulani kikatulia usoni mwa mjomba Emil, nilikiona, ingawa hakutabasamu. Akazirudisha dadu kikombeni, akatikisa mara moja tu, akamwaga katikati ya meza. Zote tatu zikakaa.

Baba mkwe na Clement wakainamia kadi pamoja, vichwa vinakaribia kugongana. Clement ndiye aliyenyanyuka kwanza, na hakuwa anacheka.

"Soma," baba mkwe alimwambia. "Soma wewe, wasiseme ni mimi."

Clement akakohoa. "Amepigwa na mpira."

Sijui nieleze vipi kelele ile. Mama Brozek alimkumbatia mwenye bucha. Lusia hakuamka. Na mjomba Emil, mzee mzima, akashika ubavu wake wa kushoto, akakunja uso, akapiga kite, "Aaah!" kiasi kwamba padri akaja mbio kumuuliza kama ameumia.

"Ameumia," Clement alisema kwa uchungu. "Hana akili ya kukwepa."

Kadi za wachezaji wetu zilikuwa zimepangwa mezani kwenye vituo vyao. Mjomba Emil akazunguka meza akichechemea, akaweka kidole juu ya kadi yake, akaisukuma yeye mwenyewe, polepole, mpaka kituo cha kwanza. Kisha akasukuma ya pili, na ya tatu, na ile ya mwisho akaiingiza nyumbani. Hakuna aliyemharakisha. Alipomaliza, Mama Bernadine alikuwa ameshatoka jikoni na jani la kabichi, linatiririka maji, akampandisha shati mbele ya parokia nzima akambandika mbavuni.

"Baridi, dada!"

"Nyamaza. Hatukula supu mwaka mzima."

Ubao ukafunuliwa. Jina lake liko chini kabisa, kwenye benchi, Emil Sabol, na rangi ilikuwa haijakauka vizuri, maana baba mkwe alikuwa ameliandika la mwisho.

Kesho yake asubuhi gari halikuwepo mbele ya nyumba yetu. Nafasi ilikuwa imechimbwa upya mpaka lami, safi kuliko sakafu yangu, na katikati yake kimewekwa kiti. Hakikuwa chetu. Kilikuwa cha jikoni kwa Emil, kile kizuri chenye mto.

Mchana tulikaa mezani. Supu ilikuwa ya kabichi. Mjomba Emil aliingia bila kugonga kama zamani, akakaa mahali pake kule mwisho, mbali na pai. Kijiko kinagonga bakuli, tunatazamana. Damian, mume wangu, alikuwa amepumzika siku hiyo, na yeye ni mwana wa Tarrow, hawezi kujizuia. Akachukua mkate mdogo wa mviringo, akaurusha juu, ukapita taa.

"Mjomba Emil, shika!"

Nilifumba jicho moja. Mkate ukashuka taratibu, kama baraka. Mjomba Emil aliutazama mpaka mwisho. Hakuinua mkono. Ukamgonga kifuani, ukaanguka ndani ya supu.

Akaweka kijiko chini. Akasimama, akashika ubavu, akazunguka meza akichechemea mpaka kwa baba mkwe, kwenye kile kiti cha mbele kilicho karibu na pai.

"Nimepigwa," alisema. "Sogea, shemeji. Hicho ni kituo changu."

Na baba mkwe, mtu wa sheria, akasogea.